Tisini na Tisa

Madodoso mia nne na kumi na mawili
yameletwa chuoni Chumbageni ndani ya maboksi ya sabuni.
Chumba cha juu, feni moja, nayo ina kigugumizi.
Daktari Semboja katupa kompyuta na sheria:
Kamwe, andika sifuri. Mara moja, moja.
Mara chache, mbili. Mara nyingi, tatu.
Asiyejibu, mwandikieni tisini na tisa.
"Na msikisie," akasema. "Mmekuja kuhesabu, si kufariji."

Maswali tuliyatunga mimi na Mbonea mwezi wa pili.
Siku tatu tulikwama kwenye neno moja.
Kunyanyaswa? Zito mno, alisema Mbonea,
mtu atadhani mpaka avunjwe mkono.
Kusumbuliwa? Jepesi. Hata mbu anasumbua.
Kutaniwa? Hapo ndipo wanapojificha wote;
utani una mlango wa mbele na wa uani.
Mwisho tukaandika kitendo chenyewe, bila kukipa jina:
Amekushika, nawe hutaki.
Amekungoja nje ya maktaba, hukumwita.
Amekwambia alama zako anazo yeye, ofisini,
uje jioni uzifuate.

Majibu yanaingia. Sifuri, sifuri, moja, sifuri.
Yupo aliyejibu kamwe kwa maswali yote thelathini
kwa mstari mmoja, toka juu mpaka chini,
kama mtu anayefunga duka kabla ya saa.
Yupo mvulana (jina hatuulizi, jinsi tunauliza)
aliyeweka tatu pale pa kupigwa na mpenzi,
kisha pembeni, kwa herufi ndogo: msicheke.
Kompyuta haina pa kuweka msicheke.
Nimeingiza tatu. Sikucheka.

Halafu dodoso la mia mbili na sita.
Swali la kumi na saba halina vema.
Lina tundu.
Kalamu ilisimama pale, ikazunguka, ikazunguka,
mpaka karatasi ikakubali.
Nimefunua ukurasa: tundu limepita hadi la ishirini na tano,
linalouliza kama umeridhika na huduma za kantini.

Nikampelekea Daktari. Akavua miwani,
akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha,
nukta ya jua ikamwangukia shavuni.
Alikaa nayo kuliko nilivyotazamia.
Kisha: "Tisini na tisa."
Hakusema kwa ubaya. Sheria ni nzuri, naielewa:
leo tukisoma matundu, kesho tutasoma viganja.

Bibi yangu, kule Makorora, tisini na tisa
huifikia kila alfajiri kwa kidole gumba,
punje baada ya punje, na kila punje ina jina.
Yangu haina.
Nimeiandika. Kompyuta ikaipokea
bila kuuliza imetoka wapi.

Mbonea anasema ripoti itakuwa na asilimia,
na asilimia zitapelekwa kwenye kikao,
na kikao kitakuwa na maji ya chupa.
Anasema pia, akifunga boksi kwa goti,
kwamba pasipo hesabu hata hicho kikao hakipo.
Yote mawili ni kweli, na yote mawili kayasema yeye.

Saa kumi na moja nachukua baiskeli.
Ngamiani barabara zimepewa namba;
mgeni hapotei, anahesabu tu.
Ya kumi na nne, mama wa mihogo ananipungia upawa.
Ya kumi na tano, fundi cherehani na redio yake.
Kwetu ni ya kumi na nane.
Lakini huu mwaka wa tatu, kila jioni,
nikifika ya kumi na sita nakata kushoto,
nazunguka nyuma ya mashine ya kusaga,
unga unanipaka nyusi, naingia nyumbani nimezeeka.
Mama anadhani napenda upepo wa kule.
Hajaniuliza, wala mimi sikujaza dodoso;
wahesabuji hatuhesabiwi.

Muulize mtoto yeyote wa mtaani kwetu, atakuhesabia vizuri.
Mimi nahesabu hivi:
kumi na tano, kumi na sita,
kumi na nane.